Tembo Wasiozikwa

Tangu Januari nilikuwa nakula peke yangu. Nilikuwa na sufuria ndogo ya bati iliyovunjika mpini mmoja, na nilipikia juu ya mafiga matatu nyuma ya choo, upande ambao moshi hauendi nyumbani. Chumvi ya watu sikuigusa. Shamba la karanga sikulikanyaga. Watoto wa shemeji yangu wakinikimbilia, mama mkwe aliwaita kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeita kuku, nao walirudi.

Kwetu Marracuene, mtoto akitoka kabla ya wakati wake huzikwa kwenye udongo mbichi kando ya mto, mahali ambapo ukichimba kwa mkono maji yanakuja yenyewe. Wanaozika ni wanawake. Mama wa mtoto huoshwa palepale, kisha anarudi kwenye jiko la wote na mambo yanaisha. Wangu hakuzikwa. Nilipelekwa hospitali fahamu zikinitoka na kurudi, na nilipozinduka vizuri tumbo lilikuwa tupu. Mwanamke aliyekuwa anapiga deki aliniambia kwamba wadogo kama wale huchomwa, kwa hiyo nisikae nikisubiri kupewa kitu. Nilirudi nyumbani na kapulana, kitenge nilichokuwa nimejifunga, basi.

Mama mkwe, ambaye kijiji kizima kinamwita Mama Salmina, aliniuliza swali moja siku ile. Aliuliza mtoto yuko wapi. Nilipomjibu aliingia ndani akafunga mlango.

Mvua ilinyesha kidogo baada ya hapo, halafu ikakata. Mahindi yalikauka yakiwa hayajafika kiunoni. Majirani wakaanza kupita mbele ya ua wetu bila kusalimia. Siku moja Mama Salmina aliwaambia huku nikisikia, "Mjukuu wangu amechomwa moto. Sasa moto unatuchoma sisi."

Mume wangu Zefanias alikuwa migodini Afrika Kusini. Kila alipopiga simu, mama yake alimwambia asije kwanza, mpaka mkewe apoe. Hakuna aliyejua nitapoa vipi, maana cha kuzika hakikuwepo. Nami sikuwa na mdomo wa kuuliza. Ningeweza kukaa nyuma ya choo kile mpaka nizeeke.

Mwezi wa Mei kanisa letu lilipata siku ya kuingia bure kwenye nyumba ya wanyama kule Maputo, ile ya makumbusho. Mchungaji alisema ni vizuri akina mama wakaone viumbe vyote ambavyo Mungu ameviweka katika nchi hii, wa porini na wa majini, hata wadudu. Mimi sikuwa wa kwenda. Lakini Mama Salmina ana goti bovu, na shemeji aliyepangwa kumshika mkono kwenye ngazi aliamka na homa. Wengine wote walikuwa na wazee wao wa kuwashika. Nikabaki mimi.

"Utafunga kitambaa mkononi," aliniambia. "Nitashika kitambaa."

Nikafunga. Hivyo ndivyo tulivyoingia, mimi na mkono uliofungwa kama wa mgonjwa, yeye ameshika pindo.

Nyumba yenyewe ni nyeupe, imechongwachongwa madirishani kama kitambaa cha kufuma. Akina mama waliingia wakiimba, lakini wimbo ulikatika mlangoni, kwa sababu katikati ya ukumbi wanyama waliokufa zamani, ngozi zao zikajazwa, wamesimama wakubwa kwa wadogo kama wanaokunywa maji pamoja, na simba wamempanda nyati mgongoni. Mmoja wetu alirudi nyuma akamkanyaga mwenzake. Mama Arminda, ambaye hata msibani hanyamazi, alimsogelea simba akamtazama meno.

"Miaka yote hii kamkamata na bado hajamla," alisema. "Huyu ni mume wangu na ile nyumba yetu ya matofali."

Wakacheka, woga ukatoka. Kijana wa pale wa kutembeza wageni, Délcio, alianza na Kireno, akaona nyuso zetu, akahamia lugha yetu. Alituonyesha pundamilia, chui, mamba, kasa wakubwa, ndege ambao majina yao tunayajua na wengine ambao tuliwaona mara ya kwanza. Vipepeo walikuwa wamechomwa pini. Kwenye nyoka tulipita mbiombio, na Mama Arminda aliweka mkono juu ya macho kama anayepita chumba cha mume na mke. Mzee mmoja alimwamkia mbuni kwa kumdhania mtu.

Mama Salmina hakucheka wala hakushangaa. Mara moja tu alisimama mbele ya swala mmoja akasema kwamba mama yake aliwahi kumpikia nyama ya huyo, akiwa msichana, na kwamba walikuwa wakija hadi kwenye mihogo. Délcio akasema siku hizi ni mpaka uende mbali sana, ndani ya hifadhi. Mama Salmina akaguna, akavuta kitambaa, tukaendelea.

Ndipo tukafika kwenye tembo.

Wamo ndani ya vioo, wamepangwa kuanzia mdogo hadi mkubwa. Wa kwanza ni kama panya. Anayefuata ni kama paka, na anayefuata kama mbuzi mchanga, hivyo hivyo mpaka yule wa mwisho ambaye ungesema atasimama sasa hivi anyonye. Wana mikonga iliyojikunja. Wana vinywele. Nilidhani ni vinyago vya kuwafundishia watoto wa shule.

Délcio alisema si vinyago. Alisema zamani, wakati wa Wareno, ng'ambo ya ghuba kulikuwa na tembo wengi, na mashamba yalipotakiwa, tembo walipigwa risasi. Waliokuwa na mimba walipasuliwa, na hawa ndio waliokuwa ndani. Mwezi hadi mwezi. Wageni wanatoka nchi za mbali kuja kuwatazama, alisema, maana mimba ya tembo namna hii haionekani kwingine kirahisi.

Mama Arminda alirudi nyuma hatua moja.

"Walizikwa wapi?" Mama Salmina aliuliza.

"Hawakuzikwa, bibi. Ndio hawa."

"Hawa wenyewe?"

"Wenyewe."

"Tangu Wareno."

"Tangu hapo, bibi."

Aliachia kitambaa changu. Akaenda mbele ya vioo kwa goti lake bovu, akitazama mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakampisha. Mimi nilibaki bila wa kumshika, nikawa natazama pia. Nilipofika kwa mmoja nilisimama. Hakuwa wa kwanza wala wa katikati. Mikono yangu ndiyo iliyomjua, kwa sababu nilishazoea kuweka mikono tumboni na kupima. Unyayo wake mmoja ulikuwa umegeuka kidogo. Pale hospitali, kabla sijapotea kabisa, mtu alipita na beseni, na pembeni ya beseni niliona unyayo. Sikumwambia mtu yeyote. Hakuna aliyeniuliza.

Nilisikia maji. Mama Salmina alikuwa ametoa chupa yake ya maji ya kunywa kwenye mkoba na alikuwa anayamwaga sakafuni chini ya vioo, taratibu, akisogea kutoka kwa mmoja hadi mwingine ili kila mmoja apate. Mlinzi alikuja mbio akimwambia sakafu inateleza, watu wataanguka. Mama Arminda alimzuia kifuani kwa kiganja.

"Mwache, baba. Hujui anachofanya."

Délcio alijaribu kwa upole. Alimwambia bibi, hawa ni wanyama.

"Na wewe miezi yako ulikaa wapi," Mama Salmina alimuuliza bila kusimama, "kwenye gunia?"

Kijana aligeuka akawatazama wale wa kwenye vioo.

"Aliyekuwa tumboni haachwi pakavu. Mnawaacha pakavu miaka yote hii, halafu mnatuuliza mvua imekwenda wapi."

Maji hayakufika mwisho. Yaliisha kabla ya wale wakubwa. Aliitikisa chupa, ikatoa matone, akaifunga kifuniko vizuri kama bado ina kitu. Mlinzi akaleta tambara akaanza kupangusa kutoka upande ule mwingine, na Mama Salmina alimtazama anavyopangusa mpaka sakafu ikawa kavu tena. Kisha akajishusha chini, akakaa na miguu imenyooshwa mbele, vile tunavyokaa msibani. Akina mama wengine nao walikaa, mmoja mmoja. Kundi la watoto wa shule lilitaka kupita, mwalimu wao akalirudisha.

Mimi nilibaki nimesimama. Sikujua kama msiba ule ninaruhusiwa.

"Lurdes," alisema. Tangu Januari alikuwa akiniita wewe. "Wetu alikuwa kama yupi?"

Nikaenda nikasimama kando ya yule niliyemjua. Mama Salmina aliinua uso akamtazama yule, akanitazama mimi, akarudi kwa yule.

"Mkubwa hivi?"

"Mkubwa hivi, Mama."

"Alikuwa na kucha?"

"Niliona mguu mmoja tu. Ulikuwa na kucha."

"Wa kike?"

"Sikuona, Mama. Walipita naye haraka."

Alitikisa kichwa polepole. Alisema alikuwa anataja mjukuu, mjukuu, lakini kichwani mwake alikuwa anaona damu na mvua. Hakuwa ameona mguu. Halafu akasema tena, kwa sauti ya chini ambayo labda haikuwa yangu kusikia, "Kumbe alikuwa na kucha."

Akanyoosha mkono nimwinue. Nilianza kutafuta pindo la kitambaa, lakini alikuwa ameshanikamata kiganja kitupu. Mkono wake ulikuwa bado una maji.

Tuliporudi hakuna aliyeimba. Mama Arminda alinigawia bajia ndani ya mkate, akanipa mkononi, si kwa kuweka chini kama alivyozoea. Nilishika mkate ule safari nzima bila kuula.

Jioni ile Mama Salmina alifungua sanduku lake la nguo akanitolea kofia ndogo ya uzi wa njano. Ilikuwa imefumwa nusu, sindano bado imo. Alisema aliianza siku Zefanias alipompigia simu kumwambia nina mimba, akaificha ili asimkaribishie mtoto kijicho. Sikujua kwamba iliwahi kuwepo. Alikaa kwenye mkeka wangu, mkeka ule niliotengwa nao, akaimalizia hapo hapo, na mimi nikamshikia uzi.

Asubuhi tulikwenda mtoni Incomáti, sisi wawili na Mama Arminda wa kushuhudia. Mama Salmina alichimba kwa mkono kwenye matope chini ya matete, na maji yakaja yenyewe kama inavyotakiwa. Akaiweka kofia. Ikaelea. Akaibonyeza, ikapanda tena na kugeuka, maana ilikuwa ya uzi na haikuwa na kichwa ndani. Akaweka kiganja juu yake akaishikilia chini. Alikaa hivyo muda mrefu akipigapiga kidogo kwa vidole, kama mtu anayemlaza mtoto aliyekataa kulala. Mama Arminda aligeukia ng'ambo. Uzi ulipolowa kabisa alifukia.

Kisha akaniosha, kichwa kwanza.

"Leo utapika wewe," alisema.

Nilipika matapa. Nilitwanga majani ya mihogo na karanga, nikatia chumvi kwa mkono wangu mbele ya watu wote. Watoto wa shemeji walinikalia mapajani na hakuna aliyewaita. Jirani alipita akasalimia, akasimama hata kuuliza habari za migodini. Zefanias alipopiga simu, mama yake alimwambia aje. Chakula kilisifiwa. Walisema nimenenepa kidogo, ni vizuri. Waliongea juu ya simba wa Mama Arminda na juu ya bei ya saruji, na walipomaliza kula walinipa vyombo nikaoshe.

Tangu siku ile hakuna aliyemtaja mtoto. Ndiyo desturi. Aliyezikwa kwenye udongo mbichi haitwi tena, asije akageuka. Nilipokuwa nakula peke yangu, kila aliyepita na kuona moshi wangu nyuma ya choo alijua kwamba nilikuwa na mtoto. Walinichukia kwa ajili yake, lakini walijua. Sasa moshi unatoka jiko la wote.

Sufuria yangu ya bati alipewa kuku anywee maji. Siku mbili tatu kabla Zefanias hajafika, nilimkuta Mama Salmina nyuma ya choo ameinama na goti lake, anang'oa yale mafiga ili mwanawe asiyakute. Mawili alikuwa ameshayatupa kwenye nyasi.

"Acha moja, Mama," nilisema.

"La nini?"

"Acha tu."

Alinyanyuka kwa shida, akapangusa masizi kwenye kapulana yake. Alilitazama lile jiwe lililobaki, kisha akanishika mkono ili nimrudishe ndani.