Kupona Kunamliza Nani?

Mjane wa mwandishi alikuwa anaanika mashuka wahusika wa kwanza walipopiga hodi. Walikuwa seremala na mama mkwe wake. Walikuwa wametolewa kwenye filamu asubuhi ile na hawakuwa na pa kwenda. Mjane akawakaribisha, akaongeza maji kwenye chai.

Riwaya ya marehemu mumewe ilisomwa shuleni kwa vizazi viwili. Sasa ilikuwa inageuzwa filamu ya kisasa na mwongozaji waliyemwita Maono, kwa sababu kila aliposhindwa kujibu swali alisema yeye ana maono yake. Kitabu hakukisoma. Alisimuliwa na shemeji yake, na shemeji mwenyewe aliishia katikati, pale homa ya mtoto ilipopanda. Hilo halikumzuia kwenda redioni kueleza marehemu alikusudia nini. Debe tupu haliachi kuvuma.

Jioni akaja mtoto mwenyewe, wa miaka saba, viatu mkononi.

"Mama, wamenitoa. Wanasema nachelewesha hadithi."

"Ingia mwanangu. Umekula?"

Mjane alimzaa mtoto huyu, akamzika. Mumewe alimwandika upya ili katika sura ya mwisho homa ishuke, aombe maziwa. Sasa mjane akawa anamsuka nywele na kumgombeza kwa kurukaruka kitandani, na usiku analala usingizi wa pono. Seremala alimtengenezea kiti kirefu ili aifikie meza.

Kisha Maono akaja na gari.

"Shikamoo mama," alisema, macho kwenye simu. "Tuliwaonyesha watu filamu, hakuna aliyelia. Namrudisha binti, afe mwishoni."

"Kitabuni anapona."

"Kumbe? Sasa mama, kupona kunamliza nani?"

Mkataba ulikuwa na sahihi ya mjane, na wahusika wote walikuwa mali ya kampuni. Mtoto alivaa viatu mwenyewe, cha kushoto mguu wa kulia. Mjane akapiga magoti, akambadilishia.

"Nitarudi?"

"Muulize mjomba."

Mjomba alikuwa anaongea na simu.

Mtoto alikufa vizuri, hawakuhitaji kurudia. Siku ya uzinduzi ukumbi mzima ulilia, na baadaye filamu ikapewa tuzo ya uaminifu kwa kitabu. Maono alipita kati ya viti akipokea pongezi, akasimama kwa mjane.

"Umeona mama? Hata wewe umelia." Akampa karatasi ya kujifutia machozi. "Marehemu hakuacha kingine?"

Nyumbani mjane alifungua riwaya, sura ya mwisho. Safari hii homa haikushuka. Ilikuwa hivyo katika nakala zote, hata za shuleni, na walimu waliendelea kufundisha.

Mama mkwe akapakua chakula. Seremala akauliza kile kiti kirefu akipeleke wapi.

"Kiache hapo hapo," alisema mjane, akasogeza sahani yake pembeni ili kipate nafasi.