Wimbo wa Mama Chiriku

Kabla hajaitwa Mama Chiriku alikuwa na jina lake mwenyewe, na jina hilo liliwahi kuandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ubao, nje ya hoteli moja iliyokuwa na bendi. Alikuwa msichana mwenye sauti ambayo ukiisikia unaacha kijiko ndani ya kikombe. Kisha akaolewa. Mume akasema mke wa mtu hasimami mbele ya walevi. Yeye alimpenda, tena mimba ilikuwa imeshaingia, basi akaacha bendi akashika cherehani. Mume naye hakukaa. Mtoto hajaota meno, baba mtu kashika njia.

Akashona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, mtoto kalala juu ya lundo la vitambaa. Huku akishona, aliimba. Alikuwa na namna yake: neno la mwisho la kila mstari alilivuta, akalivuta, kisha akalikata ghafla, kama mtu anayekata uzi kwa meno. Mtoto alinyonya sauti hiyo pamoja na maziwa.

Mtoto akakua, akawa mwimbaji, watu wakambandika jina la Chiriku. Likashika. Ikawa huwezi kupanda basi wala kuingia saluni usimsikie. Na kila aliyemsifu alisifu kitu kilekile: anavyolivuta neno la mwisho na kulikata. Alipoulizwa kwenye televisheni kajifunza wapi, alicheka, akasema, "Aa, hii nimezaliwa nayo." Mama yake alikuwa anatazama, pini mdomoni. Mwanawe uongo hakusema, kweli kazaliwa nayo. Ila hakusema kazaliwa na nani.

Siku moja prodyuza wa Chiriku alifika kuchukua koti la jukwaani lililokuwa limefumuka bega. Akamkuta mama anaimba, akabaki amesimama mlangoni.

"Mama, huo wimbo wa nani?"

"Wangu."

"Chiriku kakutungia?"

"Chiriku hajazaliwa nilipoutunga. Koti lako hilo hapo."

Prodyuza hakuligusa koti. "Turekodi. Wimbo mmoja tu."

"Mimi? Na meno haya?"

"Redioni meno hayaonekani, mama."

Alicheka mpaka akashika ubavu, lakini usiku ule usingizi ulimpitia mbali. Asubuhi akakubali, kwa sharti moja: gita lipigwe na yule aliyempigia hotelini enzi zile. Mzee huyo siku hizi alitengeneza feni na pasi, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa grisi. Alipoambiwa, hakuuliza hata ni lini. Alifuta mikono akaenda kulitafuta gita chini ya kitanda.

Studioni mama alivua viatu. Wakamvisha hedifoni, akaambiwa aimbe kama yuko nyumbani. Akaanza, na mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga sakafu, unatafuta pedali ya cherehani.

*Uliniomba nikungoje,
hukuniambia mpaka lini.*

Hilo "lini" alilivuta mpaka prodyuza akaondoa mikono kwenye mitambo, kisha mama akalikata. Mpiga gita akakosea nyuzi.

"Samahani, dada. Vidole vimekuwa miguu."

"Piga tu, kaka. Hata mimi sauti imeota mvi."

Walipomaliza, wakamsikilizisha. Kwa mara ya kwanza maishani aliisikia sauti yake mwenyewe, akaona haya kama bibi harusi.

Wimbo ukatoka. Siku za mwanzo wateja walikuja hata bila nguo za kushona, wamwone tu. Halafu maneno yakageuka. Bibi huyu anamwiga mwanawe. Hebu msikie anavyovuta, si ule mtindo wa Chiriku? Hana hata aibu, anakula jina la mtoto. Msikilizaji mmoja akapiga simu redioni, akasema kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, kula matunda ya mti wako, umeuotesha. Lakini usijifanye wewe ndiye mti." Mtangazaji akacheka. Mama akazima redio, akarudi kwenye pindo la sketi, akakuta kalishona upande wa nje.

Mchana wa siku ya pili Chiriku akaja. Alimwacha dereva nje, akawaomba wateja wampishe, akakaa juu ya lundo la vitambaa.

"Mama, ungeniambia."

"Ungenikataza?"

"Ningekushauri. Watu wanacheka."

"Wananicheka mimi au wewe?"

Chiriku alikunja na kukunjua kipande cha kitambaa. "Wanasema umeniibia mtindo."

"Basi waambie ukweli, mwanangu. Neno moja tu. Waambie huu wimbo wa mama."

"Nikisema huo ni wako, wataniuliza na zile nyimbo zangu zingine."

Mama alisimamisha cherehani. Kumbe alijua nyimbo zile zilitoka kwa nani. Miaka yote ile yeye alidhani mtoto kasahau tu, kama watoto wanavyosahau nani aliwafundisha kutembea.

"Na zile zingine je?" akauliza.

"Mama, usinivue nguo mbele za watu."

"Nimekuvisha tangu siku uliyozaliwa. Leo mimi ndiye wa kukuvua?"

Chiriku alisimama, akambusu kwenye paji la uso, akamwambia kesho watakwenda redioni pamoja wayamalize.

Wakaenda. Walikaa bega kwa bega, na Chiriku akazungumza vizuri, kama kawaida yake. Akasema wimbo ule ameutunga yeye, ni zawadi kwa mama aliyemlea peke yake. Amemfundisha mstari kwa mstari, jioni baada ya jioni, mpaka akaushika.

"Mashallah, mtoto kama huyu!" mtangazaji akasema. "Mama, ni kweli alikufundisha?"

Chini ya meza goti la Chiriku lilikuwa linatetemeka. Hivyohivyo ndivyo lilivyotetemeka utotoni, homa ikimpanda. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na nguo hii mama aliishona mwenyewe. Akasogeza mkono, akalishika lile goti.

"Ndiyo," akasema. "Alinifundisha vizuri."

Kuanzia hapo wimbo ukapaa. Waliomcheka wakamlilia. Chiriku akaanza kuuimba mwenyewe jukwaani, na kabla hajaanza huwaambia mashabiki wampigie mama makofi. Wateja wakarudi. "Umebahatika," mama mmoja akamwambia huku akipimwa kiuno. "Wangu hata salamu hanipi, wako anakutungia wimbo." Mama Chiriku akamshukuru, akamwomba asipumue kidogo.

Kisha mpiga gita akaja. Alikataa kiti.

"Dada, nimesikia redio."

"Karibu chai."

"Sitaki chai. Ule wimbo tuliupiga hotelini, mimi na wewe. Huyo mtoto hata mimba yake ulikuwa hujaibeba. Nitakwenda redioni niseme. Simdai mtu kitu, nataka haki tu."

Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ulikataa tundu, akaulamba, akajaribu tena.

"Umechanganya, kaka. Ule ulikuwa mwingine."

"Mwingine upi?"

"Mwingine. Umezeeka, unasahau."

Mzee alimtazama. Akaanza kuuimba kwa sauti ya chini, mstari wa kwanza, wa pili, sauti yake ikikwaruza. Mkono wa kushoto ukabonyeza nyuzi ambazo hazikuwepo. Alipofika mwisho, akasubiri.

"Siyo huu?"

"Siyo huo."

Aliinamisha kichwa, akakuna kidevu kwa kidole chenye grisi, na mama akaona jinsi shaka ilivyomwingia: kweli, huenda ni uzee. Akaomba radhi kwa kumsumbua. Akatoka, na barabarani akasikika akiujaribu ule mstari tena, mara hii kwa maneno yaliyokosewa, mpaka kelele za magari zikammeza.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Mlangoni mama mmoja alikuwa anangoja na binti yake. Mama Chiriku akachukua futi ya kupimia, akamwambia binti aingie, anyooshe mikono.