Orodha ya Wajane wa Elanga

Mihogo ilikuwa imetimiza siku ya nne majini, na siku ya nne haina mjadala. Wabiwa alichutama kando ya kidimbwi, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akabinya muhogo mmoja. Kidole gumba kikazama. Ukiutoa mapema unabaki na sumu yake na watoto wanatapika; ukichelewa siku moja unaoza, na jasho la miezi unalimwaga kijitoni. Wanawake kumi na mbili wa ushirika wa Elanga, kijiji kilicho pembeni ya barabara ya Baraka kwenda Fizi, walikuwa wamekwisha kuvua viatu na kupanga vitunga vyao.

"Tuanze, bamama," alisema Wabiwa. "Leo jua iko kali, itakauka mbio."

Hawakuanza. Filimbi ililia upande wa nyumba, kisha sauti ya mtangazaji wa shefu ikafuata, ikipita njia kwa njia. Salongo. Leo saa sita, uwanja wa shule, wanawake wote walioandikwa kwenye liste ya wajane. Hakuna kukosa na hakuna kisingizio.

Salongo tunaijua. Ni kazi ya bure ya Jumamosi: kufyeka kando ya barabara, kuziba mashimo ya mvua. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumanne. Tena tangu jana yake watoto walirudishwa nyumbani, na ndani ya darasa la tatu palikuwa na magunia na madumu yaliyofunikwa turubai, yanalindwa na watu wa juu. Ndivyo tunavyowaita, watu wa juu, maana wanashuka kutoka milimani na bunduki, na jina la kundi lao linabadilika kila mwaka. Kulikariri ni kujichosha bure. Kiangazi kilichopita waliita salongo ya namna hiyo hiyo. Wanawake sita walipandisha mizigo mlimani. Walirudi wanne, na mmoja wa hao wanne mpaka leo haogi mtoni na wenzake.

"Mungoje hapa," Wabiwa aliwaambia. "Mi naenda biro ya shefu."

Wabiwa ni prezidanti wa ushirika, na pia mjumbe wa kamati ya kijiji. Usimwonee wivu. Sheria inataka kila kamati iwe na mwanamke, na Isidore, sekreteri wa shefu, alihitaji mwanamke mmoja anayejua kushika kalamu. Ndiyo ikawa hivyo. Kwa miaka miwili aliyokaa kwenye kamati ile ameombwa maoni mara moja tu, na siku hiyo walitaka kujua kama chai itawatosha wageni. Kutia saini, ametia mpaka mkono umezoea.

Alimkuta Isidore amekaa nyuma ya meza, shati limepigwa pasi, karatasi mbili mbele yake.

"Mama Prezidanti, ikala."

Wabiwa hakukaa. Karatasi ya kwanza aliitambua kabla hajaisoma, kwa sababu mwandiko ulikuwa wake. Mwaka uliopita watu wa shirika moja walileta majembe na mbegu za maharagwe, wakasema wajane kwanza. Yeye ndiye aliyeandika: majina kumi na moja, na mbele ya kila jina, kwa herufi kubwa, MUJANE. Jina lake hakuliweka, ingawa mjane ni yeye pia, ili watu wasiseme prezidanti anajipendelea. Kumi kati ya hao walikuwa wajane kweli. Wa kumi na moja alikuwa Solange, ambaye mume wake, Déogratias, yuko hai, anachimba dhahabu huko Misisi na huonekana mara moja kwa mwaka. Solange alikuwa na watoto watatu na hana jembe. Wabiwa akamuua Déogratias kwa kalamu, na maharagwe yakaota.

"Hii liste ni ya mbegu, sekreteri."

"Liste ni liste, mama. Serikali haitupe karatasi."

"Na juu ya nini bajane tu?"

Isidore alipumua kama mtu anayeelezea jambo hilo kwa mara ya mia. "Nikikamata bibi wa mutu, bwana yake atakuja hapa na panga. Mujane, nani atakuja kumuulizia?" Alisema hivyo bila hasira, hata bila aibu. Kisha akasukuma karatasi ya pili, yenye majina yaleyale kumi na moja. "We tunakuacha. We uko otorite, uko wa kamati. Sinya tu hapa, kusema benyewe banajitolea. Mwaka jana batu ba haki za binadamu baliandika mambo mabaya juu yetu, sasa bakubwa ba serikali banataka kuona mukono ya mwanamuke."

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Wabiwa aliyatazama majina yale yaliyopangwa vizuri, yaliyonyooka, aliyoyaandika kwa furaha siku ile, akaona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Kwanza niende nibaambie," alisema. "Nitarudi."

"Saa sita, mama. Bale ba juu habajui kungoja."

Kidimbwini aliwakuta wamekaa vilevile, miguu majini, hakuna aliyegusa muhogo. Akawaambia yote. Hakuficha kwamba liste ni ile yake. Hakuna aliyemlaumu, na hilo lilimuuma kuliko kulaumiwa.

"Tukimbie," alisema mmoja.

"Tukimbilie wapi?" alijibu Mama Vainqueur, mkubwa wao wote, ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika. "Barriere ya bunduki iko huku, barriere iko kule. Na batoto tutabaacha na nani? Na mbuzi?" Kisha akashusha sauti, jambo la nadra, akautazama mlima. "Kama tu kungekuwa kilio leo. Kwa kilio bale ba juu habaingiake."

Ni kweli, na kila mtu pale alijua. Habari ya kifo ikifika, jembe linalala siku tatu. Wanawake wanakaa kwenye mikeka ya mfiwa, na hakuna shefu anayewainua hapo, wala salongo, wala harusi. Hata watu wa juu wanaogopa. Wanasema ukimtoa mwanamke kwenye mkeka wa kilio, maiti anakufuata njia nzima ya kupanda.

Wabiwa alimgeukia Solange. Solange alielewa, akarudi nyuma hatua mbili.

"Hapana. Kulilia mutu muzima ni kumuitia kaburi. Deo iko muzima, yaya, dada yangu. Jumapili alinipigia simu."

"Siku ya mbegu ulimuzika," alisema Mama Vainqueur. "Ulimuzika, ukapanda maharagwe juu yake, ukakula. Ni kulia tu ulisahau."

Lilikuwa neno kali, na mwenyewe alijua. Alimshika Solange mkono palepale. Jua lilikuwa limepanda, na mihogo ilianza kutoa ile harufu yake ya uchachu.

"Siku tatu tu," alisema Wabiwa. "Kwa kilio batu banaingia, banatoka, banatoka Baraka, banarudi Baraka. Kila muke mwenye kurudi, aende na mutoto moja wa kwetu. Na sisi tutafuata, moja moja. Nani atahesabu batu ba kilio? Solange, mi siwezi kukulazimisha. Ukikatala, tutaenda shuleni, na mi nitaenda mbele yenu."

Solange alifungua kitambaa kichwani, akakiacha kidondoke begani, na nywele zikabaki wazi kama za mfiwa.

Mihogo waliiacha. Haikuwezekana vinginevyo: mtu aliyefiwa haonekani anavua mihogo. Chakula cha nyumba kumi na mbili kilibaki majini kuoza.

Kufika saa tano, nyumba ya Solange ilikuwa nyumba ya kilio. Meza na viti vilitolewa nje, mikeka ikatandikwa, moto ukawashwa uani. Habari ilikuwa fupi: Déogratias ameangukiwa na shimo. Misisi mashimo huanguka kila wiki, nani angebisha? Majirani walianza kufika, wanaume wakikaa nje kimya, wanawake wakiingia na kanga kiunoni. Wabiwa alipanga mikeka, alipanga kuni, alimwambia huyu lia na yule imba. Tatizo lilikuwa binti mkubwa wa Solange, Tania, mwenye miaka tisa. Mdomo wa mtoto ni mlango usio na komeo. Hawakuthubutu kumwambia siri. Wabiwa mwenyewe alimwita nyuma ya jiko, akapiga magoti, akamwambia baba yake amekufa.

Mtoto hakuuliza swali hata moja. Alijitupa chini, akalia kwa sauti ambayo haikufanana na ya wanawake wazima waliokuwa wanaigiza, na majirani waliokuwa na mashaka wakaacha kuwa nayo.

Isidore alikuja saa saba. Nyuma yake walikuwa watu wawili wenye bunduki, vijana, macho mekundu. Walipofika kwenye ua na kusikia kilio walisimama, wakavua kofia, wakabaki hapohapo, hawakutaka kukanyaga ndani. Isidore aliingia. Akampa Solange pole, akakaa kwenye kiti alicholetewa, akamwita Wabiwa kwa kidole.

"Pole, mama. Nani amekufa?"

"Bwana ya Solange. Deo."

"Deo." Akachomoa ile liste mfukoni, akaikunjua taratibu. "Lakini kwa karatasi yako, Deo alikufa mwaka jana."

Katika haraka yote ile, ya mikeka na kuni na majirani, hilo hakuna aliyelifikiri. Walikuwa wamemchagua mtu mmoja tu ambaye serikali ilishamhesabu kuwa marehemu.

"Liste ilikuwa bongo," alisema. "Mi nilidanganya, juu ya jembe. Alikuwa muzima. Leo njo amekufa kweli."

"Ama leo pia ni muzima." Isidore alitabasamu kidogo, akapunguza sauti. "Sikia, mama. Bale babili habasome. Nikibaambia hapa hakuna maiti, banainua bamama sasa hii, na hasira juu. Lakini sitasema. Mi pia niko na mama muzazi, naheshimu kilio." Akatoa karatasi ya pili, akafuta tarehe, akaandika nyingine juu yake. "Ijumaa. Unaona? Mizigo itangoja mpaka Ijumaa. Mukono usioweza kuukata, ubusu. Sinya."

Wanawake kwenye mikeka waliendelea kuimba, lakini polepole, wanasikiliza. Wabiwa alichukua kalamu. Alifikiri juu ya Ijumaa. Siku tatu zilikuwa zimepatikana, na bei yake ilikuwa jina lake chini ya majina kumi na moja, ushahidi kwamba walikwenda kwa hiari, hata kama nusu yao hawatarudi. Karatasi ile ingekaa kwenye faili mahali fulani na kuonyeshwa wageni, na mgeni angesoma jina la mwanamke na kuridhika.

Aliinama, akaandika. Isidore alipoona kalamu inakwenda mahali pasipo pa saini, aliinyakua karatasi, lakini alikuwa amechelewa. Chini ya namba kumi na moja palikuwa na namba kumi na mbili: Wabiwa. Mujane.

"Unafanya nini?"

"Mi pia ni mujane. Ulinisahau."

"We uko otorite! Nani atasinya sasa? Mutu hawezi kujisinyia mwenyewe, karatasi itarudishwa."

"Tafuta mwanamuke mwingine wa kamati."

"Hakuna mwingine wa kamati," alisema Isidore, na safari hii alisikika amechoka kweli.

"Najua."

Isidore aliwatazama wale wawili uani, akaitazama mikeka, na Wabiwa aliona anapiga hesabu ya lipi litamletea shida ndogo zaidi. Mwishowe alikunja karatasi, akaitia mfukoni.

"Ijumaa nitakuja na karatasi mupya," alisema. "Na mwanamuke wa kusinya nitapata. Banamuke habakosekane. Na jina yako itakuwa ya kwanza." Akasimama, akawaaga wafiwa kwa adabu, akatoka. Wale wawili walimfuata, wakavaa kofia zao walipofika barabarani.

Hakuna aliyeshangilia. Mama Vainqueur alisogea akampa Wabiwa nafasi kwenye mkeka. Nje, wanawake wawili wa kutoka Baraka walikuwa wanafunga kanga zao, tayari kurudi, na mmoja alikuwa amekwisha kumbeba mgongoni mtoto mdogo wa Solange, usingizini, kana kwamba ni wake. Ndivyo kutoroka kulivyoanza.

Tania alikuwa bado kwenye kona ya ukuta. Sauti ilikuwa imemkauka, alibaki anatetemeka tu, na kamasi imemjaa usoni. Solange alimtazama, akashindwa. Akanyanyuka kwenda kwake, midomo ikitembea, na Wabiwa akajua anakwenda kusema nini. Akamshika mkono, kwa nguvu.

"Yaya, niache. Nimuambie tu kwa sikio."

Uani wanaume wa kijiji walikuwa bado wamekaa, na kati yao alikuwemo mtangazaji wa shefu, filimbi shingoni, amekuja kutoa pole.

"Mpaka Ijumaa," alisema Wabiwa. "Muache alie."