Maua ya Njia ya Maore

...na bado anaongea, Gideoni huyu, mwenyekiti wetu, kasimama katikati ya njia na buti zake mpya, mkono kiunoni, "ndugu zangu, leo tunafyeka kote isipokuwa hapa, haya maua tuyaache, wageni wanapanda mlima kwa ajili ya haya," wageni, wageni, kila neno wageni, tangu lini msaragambo ukachagua pa kufyeka na pa kuacha, baragumu limelia alfajiri, kila nyumba imetoa mtu, tumekuja na mafyekeo yetu kusafisha njia kama mama zetu walivyoisafisha kila mvua zikinyesha, njia ni moja tu hii ya kushuka Maore, gari la wagonjwa haliwezi kupanda, linasubiri kule chini barabarani, sasa eti tusimame tutazame maua, haya, nayatazama, ya njano, ya zambarau, na yale mekundu madogo yanayoning'inia ukingoni, vuli imeyanywesha yakashiba yakamwagikia njiani mpaka huoni ardhi inaishia wapi na korongo linaanzia wapi, na hapo ndipo, jamani, hapo hapo anapoonyesha kwa kidole, ndipo kaka yangu Eliufoo alipokanyaga masika iliyopita, wamembeba mkewe Justa kwenye machela, uchungu umemshika tangu jana yake, wanaume wanne, mvua, Eliufoo yuko mbele, akakanyaga maua akidhani ni njia, kumbe chini yake hakuna kitu, machela ikaenda upande, mpaka wanampandisha Justa kutoka kule bondeni mtoto alishanyamaza tumboni... na nani alisema masika ile tusifyeke? Huyu huyu! "Ni mapenzi ya Mungu," akatuambia msibani, na wali akala, mapenzi gani, Mungu ndiye aliyekataza fyekeo? "Mama Careen, mbona umenuna, au hupendi maua?" ananiuliza mimi, na watu wanacheka kidogo, kile kicheko cha kumfurahisha mkubwa, najiambia nyamaza Honorata, nyamaza, ngoja amalize, kwetu mtu hamkatizi mwenyekiti, wala hakuna anayepiga fyekeo la kwanza kabla yeye hajasema haya tuanze, ndivyo tulivyolelewa, nitamjibu, maneno nimeyapanga toka nyumbani, nitamwambia mbele ya watu mpaka aone aibu, aombe radhi... ataomba? Thubutu! Atasema tuunde kamati. Na Careen mwanangu yuko nyumbani, mwezi wake ni huu, miguu imemvimba, jana kanishika mkono, "mama, na mimi nitapitishwa ile njia?" nikamwambia utapita mwanangu, utapita salama, nilisemaje vile mimi, kwa njia ipi, hata leo uchungu unaweza kumshika, na hiyo kamati haijakaa... Justa yule pale, kaja, hakuna aliyemtarajia lakini kaja, kashika fyekeo kwa mikono miwili, hamtazami Gideoni, anatazama ukingoni, na kila mtu anajua anatazama nini, na kila mtu anaangalia viatu vyake, wifi yangu, hata pole hawana, watu wazima wote hawa na mafyekeo yamenolewa tunamngoja mtu mmoja aturuhusu, siku ile Justa alipozidiwa mbona hatukungoja ruhusa, tulitoka tu, mwingine hata viatu hakuvaa, na mimi hapa namngoja nini, namngoja aone aibu, ya nini, aibu yake itambeba Careen? Basi. Sitaki tena radhi yake, akae nayo, na yale maneno niliyopanga nayo sina kazi nayo, bado anaongea, sasa kafika kwenye picha, eti wageni wanapiga picha, aongee tu, nashika mpini kwa mikono miwili, na maua ni mazuri, siwezi kusema uongo, na umande wake ule, ni mazuri kuliko kanga zangu zote, yana kosa gani, yameota tu, na nitayafyeka, nitaanzia pale miguuni pake, asiposogea shauri yake, waseme mama Careen kakosa adabu, waseme, vuli ijayo yataota tena, Careen ninaye mmoja.