Mtu wa Mstari wa Sita

Kibwana Pazi alikuwa na miaka thelathini na minane alipoamua kukimbia mbio ndefu, na wenzake wa genge la reli pale Soga walicheka mpaka wakaweka makoleo chini. Ulikuwa mwaka wa kutawazwa Malkia. Jumbe alikuwa ametangaza kwamba siku ya sherehe kutakuwa na mbio kutoka Soga mpaka boma la Kisarawe, safari ya kutwa kwa mtu wa kutembea. Kibwana hakuwa mtu wa michezo. Mwaka uliotangulia homa ilimlaza miezi miwili, akainuka amekonda, akishika nyundo mikono inatetemeka, na mnyapara akaanza kumpa kazi za wazee. Alitaka kujua kama mwili ule bado ni wake. Hayo alimwambia mkewe tu, Tatu, naye Tatu akamshauri aanze polepole.

Siku ya kwanza hakufika popote. Kazi ilipokwisha, saa kumi alasiri, alishika njia ya miguu ya Kisarawe, na kabla stesheni haijapotea nyuma yake kifua kilikuwa kinawaka na ubavu unachoma. Akarudi akitembea. Kesho yake akaongeza kidogo, na keshokutwa kidogo tena. Juma la pili akafika kwenye shamba la mpira.

Shamba lile lilipandwa na Mjerumani mmoja kabla ya vita vya kwanza vya dunia, kisha likaachwa. Miti ilibaki kwenye mistari yake iliyonyooka, magome yana makovu ya visu vya wagema, na chini majani makavu yamelundikana kiasi kwamba hata kenge akipita utamsikia. Njia ilipita ubavuni mwa shamba kwa zaidi ya maili moja. Watu walipita hapo kila siku wakizungumza mambo yao, na hakuna aliyepaogopa. Lakini hakuna aliyekuwa na sababu ya kupita akikimbia.

Kibwana alimwona mtu yule siku ya tatu ya kupita hapo. Alikuwa ndani, mstari wa sita kutoka njiani, anakimbia kuelekea upande uleule, anaonekana kati ya mti na mti, anapotea, anaonekana. Kibwana alidhani ni mwenzake wa mazoezi, akafurahi, akampungia mkono. Mtu yule hakugeuka. Kibwana aliposimama avute pumzi, kwenye nafasi iliyofuata kati ya miti hapakutokea mtu. Akasikiliza. Palikuwa kimya, na hapo ndipo alipotambua kwamba hata mtu yule alipokuwa anakimbia, majani hayakulia.

Alijisemea ni mabaki ya homa. Kesho yake mtu alikuwa mstari wa tano.

Angeweza kuacha, au kutafuta njia nyingine. Baadaye alimwambia Tatu kwamba kilichomrudisha ni miguu yake. Hajawahi kukimbia vizuri kama alivyokimbia pale: pumzi ilikaa, mwili ukawa mwepesi, mtu yule akiongeza mwendo naye anaongeza. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo alishindwa kulieleza sawasawa. Alisema kumwacha mtu akimbie peke yake mle ndani kulimpa uzito moyoni.

Mtu alipofika mstari wa nne, Kibwana aliona kichwa chake ni kirefu kupita kawaida. Mstari wa tatu akaona kuwa si kichwa, ni mzigo: kasha lililokaa juu ya ngata ya majani, mkono mmoja umelishika. Akaanza pia kusikia pumzi. Zake mwenyewe alizijua. Hizi zilikuwa za mtu aliyekimbia muda mrefu mno.

Mwisho wa shamba palikuwa na nyumba ya udongo ya Bi Biubwa, mama mtu mzima aliyeishi peke yake na kuku wake. Siku hiyo Kibwana alipita kwake, akamwamkia, akaomba maji. Bi Biubwa alimtazama akinywa, kisha akamuuliza kwa upole, kama anayeuliza habari za watoto:

"Yuko mstari wa ngapi?"

Kibwana alishusha bakuli. Akasema wa tatu.

Bi Biubwa akamweleza. Kaka yake, Saburi, alichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita abebe makasha ya risasi. Waingereza walipokaribia, wapagazi waliamriwa wakimbie na mizigo yao, na aliyetupa mzigo alipigwa risasi. Wenzake walimwona Saburi akiingia kwenye miti ile ya mpira, kasha kichwani. Hakuna aliyemwona akitoka. Yeye Biubwa akahamia pale, akaolewa pale, akafiwa na mume palepale, na hajamwona kaka yake hata mara moja, kwa kuwa anayetembea hamwoni. Zamani tarishi mmoja aliyepeleka barua mbio mbio alimwona, akawa anamhesabia mistari. Alipofika wa pili, tarishi akabadilisha njia na hakutaka tena kuulizwa.

"Sikulazimishi, mwanangu," akasema. "Lakini akikufikia, mwambie vita vimekwisha."

Siku ya mstari wa kwanza ilikuwa Alhamisi, na jua lilikuwa limelala kwenye mashina. Mtu yule alikimbia karibu kiasi cha kuguswa. Kibwana alisikia harufu ya jasho la zamani na mafuta ya bunduki. Alitaka kugeuka amtazame, shingo ikakataa.

"Saburi," akasema kwa pumzi iliyobaki, "vita vimekwisha. Dada yako kaniambia nikuambie."

Zile pumzi zikakatika. Kisha ikaja sauti, sauti ya kijana:

"Mzigo nimpe nani?"

Neno lilimfika Kibwana kwenye meno, lile ambalo yeyote angemwambia mtu aliyechoka njiani: nipe mimi. Akahisi ubaridi utosini, kama kitu kinashushwa taratibu kuja juu yake. Akauma ulimi, akalimeza neno lile.

"Tua," akasema. "Tua chini, ndugu yangu. Hakuna anayeudai."

Nyuma yake kitu kizito kilianguka, ardhi ikatikisika chini ya nyayo zake. Hakusimama mpaka uani kwa Bi Biubwa.

Asubuhi walirudi watatu, Kibwana, Bi Biubwa, na Hemedi, mwalimu wa chuo cha Kurani. Kwenye mstari wa kwanza, chini ya majani, walikuta kasha la bati lililoliwa na kutu. Mzizi mnene wa mpira ulikuwa umelipitia juu na kulibana, mzizi wa miaka mingi. Mifupa hawakuiona. Hemedi akasema hitima husomwa hata pasipo maiti, na wakaisoma Jumamosi yake. Tatu alipika. Bi Biubwa alimuuliza Kibwana jambo moja tu, sauti ilikuwaje. Kibwana akasema ya kijana.

"Alikuwa na miaka kumi na tisa," akasema, akainamia tena mchele aliokuwa anauchambua.

Siku ya mbio waliondoka watu thelathini na wawili. Kwenye shamba la mpira Kibwana alitazama ndani, mstari kwa mstari, akaona miti. Vijana wakampita. Kilima cha Kisarawe alikipanda nusu akitembea, lakini alifika, wa kumi na nne, karani akaandika jina lake. Akajilaza kwenye nyasi za boma, akalala fofofo hadi Tatu alipokuja kumwamsha anywe chai.