Kinu cha Kuazimana

Mama yake Kijiko hakuwa mtu wa kuamini hata kivuli chake. Ukimwamkia alitaka kujua kwa nini leo umewahi. Ukinyamaza alitaka kujua umeficha nini. Lakini kwa maharage hakuwa na mpinzani. Katika zile nyumba za halmashauri, maghorofa yaliyopakwa rangi mara moja tu kisha yakaachiwa mvua, meza za chakula zilipangwa ukutani kuanzia bombani mpaka getini: muuza viazi vya kukaanga, muuza samaki, mzee wa uji, na mwishoni kabisa sufuria la Mama. Wenzake walikuwa na wateja, yeye alikuwa na waumini.

Kijiko alipata jina hilo kwa kuwa alitembea na kijiko mfukoni mwa sare ya shule, akipita meza hadi meza kuonja. Hakuna aliyemfukuza. Kule mtoto alikuwa wa wote, na njaa yake pia.

Siri ya maharage ilikuwa viungo. Asubuhi na mapema Mama alifunga mlango, akakaanga mbegu za giligilani na mdalasini kidogo, kisha vikatwangwa pamoja na tangawizi kavu kwenye kinu chake cha mti mzito. Mbali na mumewe na mwanawe, mtu mmoja tu aliruhusiwa kuona: wifi yake, Shangazi wa Kijiko, aliyekuja kusalimia kaka yake akakaa miaka. Shangazi ndiye aliyeshika mchi. Wakimaliza, Mama alikifuta kinu kwa kitambaa kikavu, maana kinu cha mti ukikizoesha maji kitapasuka, akakiweka nje ya mlango. Hapo ndipo kilipoanza safari zake. Ngazi nzima haikuwa na kinu kingine, na kumnyima jirani kinu kulikuwa sawa na kumnyima moto. Kilipanda na kushuka mlango kwa mlango, kikarudi jioni. Watu wa majengo mengine walitania kwamba watoto wa ngazi ile wananukia namna moja kama waliotoka tumbo moja. Wenyewe walicheka, yakaishia hapo.

Ndipo alipohamia mjane mmoja chumba cha chini cha ngazi ile ile. Wakamwita Mgeni, na mpaka nyumba zile zinabomolewa alikuwa bado Mgeni. Haikupita muda akaweka meza karibu na bomba, naye akauza maharage. Mama alicheka kwanza. Kisha muuza viazi, ambaye ulimi wake haukuwa na kufuli, akamnong'oneza kwamba maharage ya yule mwanamke ni yale yale yake. Kijiko akatumwa kununua bakuli moja. Alionja njiani, akasimama. Ladha ilikuwa ya nyumbani kabisa, ila hafifu, kama sauti ya Mama ukiisikia kutoka chumba cha pili.

Mama alishuka, Kijiko nyuma yake, kumuuliza Mgeni anatia nini. Mgeni akajibu kwa upole kwamba anatwanga vitunguu saumu na chumvi, basi.

"Hata kuongopa hajui," Mama alisema akipanda ngazi. "Kikulacho ki nguoni mwako."

Tangu siku hiyo nyumba ilikosa raha. Mama alinusa mashati ya Baba. Alimhoji Kijiko mpaka mtoto akaanza kujishuku mwenyewe. Mwisho macho yake yakatua kwa Shangazi, yakaganda hapo. Kila kitu kikawa ushahidi. Shangazi kamsaidia Mgeni ndoo bombani: kwa nini? Shangazi ana kitambaa kipya cha kichwa: kampa nani? Shangazi kacheka usingizini: anamcheka nani? Baba, fundi bomba wa halmashauri, alijua kuziba kila panapovuja isipokuwa nyumbani kwake. Alijaribu kusema neno, akaambiwa damu nzito kuliko maji.

Mchana mmoja Kijiko alirudi kutoka shule akakuta begi la Shangazi liko nje ya mlango, pale pale pa kuwekea kinu.

"Nilikupa mchi mkononi, wifi," Mama alikuwa akisema. "Sikukutuma ukanitangaze."

"Sijamwambia mtu," alijibu Shangazi. Hakupaza sauti. "Siku utakayojua, usinitafute."

Kijiko alimng'ang'ania sketi mpaka ngazi ya mwisho. Alimpenda shangazi yake kuliko alivyothubutu kusema mbele ya Mama, na moyo wake uliuma kwelikweli. Shangazi hakurudi. Hata Baba alipozikwa, mawifi wale wawili walisimama ng'ambo na ng'ambo ya kaburi, wasitazamane.

Miaka ikaenda. Nyumba zikabomolewa, meza zikatawanyika, Mama akahamia kwa Kijiko na kinu chake. Alikitumia vile vile, mlango umefungwa, mpaka mwaka jana mikono ilipoanza kumtetemeka. Kijiko, mama wa watoto sasa, alikuwa na mashine yake ya kusagia. Kinu akakipa kazi ya kuzuia mlango usijifunge.

Jumapili moja umeme ukakatika maharage yakiwa jikoni. Kijiko akakiokota kinu, akakipangusa, akatwanga alichokuwa nacho. Mama alipoonja, aliweka kijiko chini.

"Umeonana naye."

"Na nani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Wifi yangu. Hakuna mwingine anayejua."

"Mimi nimetwanga vitunguu saumu na chumvi, basi," alisema Kijiko.

Maneno yalipomtoka tu, akamkumbuka Mgeni aliyeyasema mwanzo. Hakujibizana tena, alikileta kinu mezani, akatia chumvi tupu, akamkabidhi Mama mchi. Mama alitwanga kwa mikono yake inayotetemeka, huku akimtazama binti yake kama mwizi aliyekaribishwa ndani. Akaimimina chumvi kiganjani, akairamba. Akairamba tena. Kisha akainamia kinu, akakinusa muda mrefu.

"Nilikuwa nakiweka nje mwenyewe," alisema. "Kwa mikono yangu hii."

Akalia bila kufunika uso. Kijiko hakuwahi kumwona hivyo, na kwa mara ya kwanza alimwonea huruma na hasira kwa pamoja.

Kumpata Shangazi haikuwa kazi. Kumleta ndiyo ilikuwa kazi. Kwenye simu aliuliza kwanza nani amekufa. Akaambiwa hakuna. Akauliza basi wanataka nini kwake. Kijiko alipiga tena na tena, na kila alipopiga Shangazi alikuwa na swali jipya: nani mwingine atakuwepo, kwa nini leo, kwa nini sasa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na hapa aliyeuma ni mtu wa nyumbani.

Alikuja hatimaye, mzee, mkavu. Alichagua kiti cha karibu na mlango, mkoba akaupakata. Mama alimweleza yote, kuanzia kitambaa kikavu mpaka chumvi, bila kujitetea. Akamwomba msamaha. Shangazi alisikiliza kama asikilizaye habari za watu wengine. Kijiko akaleta maharage, akayaweka mbele yake.

Shangazi aliitazama sahani. Akamtazama wifi yake. Akaisukuma ng'ambo ya meza.

"Anza wewe," alisema.

Kijiko alishusha macho kwa aibu. Lakini Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kula kitu bila kukinusa, alichukua kijiko akala. Hakunusa. Kingine kilimwagikia nguo kwa mtetemo, akala tu, mpaka sahani ikafika nusu. Akairudisha.

Shangazi akautua mkoba sakafuni, akaonja.

"Chumvi imezidi," alisema.

Mama hakubisha.