Kidevu cha Ta Byabato

Uligeuza uso. Usikatae, nilikuona. Mzee alipaliwa na uji, machozi yakamtoka, uji ukamrudi puani, na wewe ukawa unatazama kuku uani kana kwamba hujawahi kuona kuku. Kisha ukavuta kikombe chako upande wa pili, taratibu, ukidhani haoni. Aliona. Baba yangu aliviona vikombe vyote vilivyovutwa pale Bugene tangu kiharusi kimpige, na mimi Jovitha, binti yake, niliviona pia. Naweza kuwataja wenyewe kwa majina.

Lakini kwanza nikueleze mtu mwenyewe, maana ninyi mnamkumbuka kwa kikohozi tu.

Ta Byabato alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka mgomba wa mwisho wa shamba. Siku ya kukamua rubisi, pombe yetu ya ndizi, aliingia mwenyewe kwenye mtumbwi wa mti, suruali imekunjwa hadi magotini, akazikanyaga ndizi mbivu pamoja na nyasi huku akiimba, nasi watoto tukasubiri pembeni na vipande vya majani tukinge maji matamu kabla hayajatiwa unga wa mtama. Mpaka leo nikisikia harufu ya nyasi zilizolowa maji ya ndizi, natafuta sauti yake. Na alipokunywa, aliinua kidevu juu kabisa, kama mtu anayekagua paa kama linavuja. Mama alimtania, "Utaangukia nyuma siku moja." Naye akamjibu, "Heri nyuma. Sinywi nimeinama, mimi si mbuzi."

Kiharusi kilimpata mwaka themanini na tano, wakati wa kuvuna kahawa. Mguu ulirudi. Mkono ukarudi nusu. Koo halikurudi. Wengine wakasema ni kifua kikuu, wengine wakanong'ona kwamba alilishwa kitu. Mama yangu, Ma Dafroza, alifanya kama walivyofanya wote: mgonjwa apewe vitu vyepesi. Uji mwembamba, maziwa, supu ya mifupa. Kadiri vilivyokuwa vyepesi ndivyo alivyozidi kupaliwa, na kadiri alivyopaliwa ndivyo mama alivyozidi kuongeza maji. Homa za kifua zikawa haziishi. Baba akaanza kukataa chakula. Akakonda hadi kola ya shati ikawa inamzunguka shingoni.

Hapo ndipo watu wa Kamuli walipotuma habari: wanakuja kunichumbia kwa ajili ya kijana wao, Cassian.

Unajua desturi yetu. Mwenye nyumba hunywa kwanza, kutoka kibuyu kilekile cha wageni, mbele ya macho yao, ndipo wajue hakuna kilichotiwa humo. Asipokunywa, nao hawanywi. Wasipokunywa, hakuna uchumba.

"Nitaonja mimi," alisema baba mdogo, Elpidius.

"Nimekufa?" baba akamuuliza.

"Kaka, ukipaliwa juu ya kibuyu watasema nyumba ina kifua kikuu. Au watasema sumu."

"Nimeuliza kama nimekufa."

Mama hakubishana nao. Alijifunga kitenge akaenda kumwita Anonciata, muuguzi wa zahanati. Wazazi wake walikuwa wametoka Rwanda zamani, yeye akasomea uuguzi huku kwetu, na aliwahi kufanya kazi wodi ya watu wa kiharusi.

"Shikamoo, Ta Byabato."

"Marahaba. Umekuja na sindano?"

"Nimekuja kukutazama ukinywa."

"Nimekuwa sinema sasa!"

Alimkalisha wima kwenye kiti, si kitandani. Akamwambia atoe ulimi, aupeleke kushoto, aupeleke kulia. Akamwambia akohoe kwa makusudi. Kisha akaweka vidole vyake kooni kwa baba, vyepesi, akampa maji nusu kijiko. Nikaliona koromeo likikawia, halafu likapanda kwa uvivu. Baba hakukohoa. Mimi nikafurahi.

"Sema aaa," Anonciata akasema.

Ikatoka sauti ya mtu anayesukutua. Baada ya hapo ndipo kikohozi kikaja.

"Makohozi tulishayapima, si kifua kikuu," alisema. "Na si sumu. Njia ya hewa ina mlango wake. Ukimeza, mlango unafunga. Wa kwako unachelewa. Maji yana haraka, yanafika mlango haujafunga, yanaingia mapafuni; ndiyo maana hiyo aaa yako imelowa. Kitu kizito kinakwenda polepole, kinausubiri. Ma Dafroza, acha uji wa maji. Pondaponda ndizi, uji uwe wa kushika kijiko. Na wewe, tata, ukimeza inamisha kidevu kifuani."

"Niiname? Mbele ya nani?"

"Mbele ya kijiko."

Mama alicheka hadi akakaa chini. Baba hakucheka, lakini aliinama. Kila mlo tukawa tunafanya hivyo: kijiko kidogo, kidevu chini, meza, meza tena, sema aaa. Anonciata alipita akitoka kazini, akasikiliza ile aaa kama mtu anayegonga chungu ajue kama kina ufa. Homa zikaacha. Kola ikaanza kumkaa shingoni. Hata rubisi akapewa, imekorogwa na unga wa mtama hadi inadondoka polepole kwenye kijiko.

Elpidius hakupenda. "Nyumbani sawa. Mbele ya wakwe, mwanamume mzima ainame kama anayeomba msamaha?"

Wageni wakaja. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mlango, jicho kwenye upenyo. Polikarpi, baba yake Cassian, aliongea kuliko wote na kucheka kuliko wote. Elpidius akamletea baba kibuyu na mrija, rubisi nyepesi, safi, ile ya juu. Akamkabidhi kwa mikono miwili, na kwa sauti ya chini akamwambia, "Fyonza kidogo tu, kaka. Kichwa juu."

Baba akakishika. Anonciata alikuwa amekaa mkekani na wanawake, hakutikisa hata kichwa. Mrija ulikuwa karibu na midomo ya baba, na kidevu chake kilikuwa kimeanza kupanda, kwa mazoea ya miaka yote ile.

Kikasimama.

"Dafroza, lete bakuli. Na unga."

Akamimina kutoka kibuyu kilekile, wote wakitazama, mama akakoroga.

"Waitu, jamani!" Polikarpi akapaza sauti. "Tumekuja kuchumbia au kulea mtoto?"

Wakacheka. Baba akawangoja wamalize.

"Cheka, Polikarpi. Siku yako ikifika nitakuazima kijiko."

Akaweka rubisi mdomoni, akainamisha kidevu mpaka kifuani, mbele ya wakwe, mbele ya mdogo wake aliyegeuka kutazama mibuni. Akameza. Akameza tena. Mimi nimejishika koo langu mwenyewe. Kisha akainua kichwa, na katikati ya uchumba wa watu akasema, "Aaaa."

Ilikuwa safi. Ilifika mgomba wa mwisho.

"Haina kitu," alisema. "Kunyweni."

Polikarpi akapokea kibuyu, akaweka mrija mdomoni, na kabla hajafyonza akainamisha kidevu chake pia. Kwa dhihaka au kwa heshima, sijajua hadi leo. Nikaolewa Kamuli.

Miaka iliyofuata nilikuwa nikirudi Bugene namkuta anakula na wajukuu, nao wote wameinamisha videvu, na wakimaliza nyumba nzima inasema aaa. Nitoe nini nisikie kelele zile tena!

Mwaka tisini na nne ulipokuwa unaisha, Anonciata na ndugu zake walirudi kwao, ng'ambo ya Mto Kagera. Mlimmwagia nyimbo, mlimchinjia mbuzi. Kamati ya zahanati ikakaa baadaye ikajadili mabati. Hakuna aliyeuliza ni nani sasa atakayeshika koo la mtu.

Mwaka uliofuata baba alilazwa kwa malaria, hospitali nisiyoitaja. Nilifika kutoka Kamuli nikamkuta chali, mtu anammiminia uji wa maji kwa kikombe. Nikamwinua. Nikaeleza mlango, kijiko, kidevu. "Mama, hapa tuna utaratibu," nikaambiwa, "na muda wa kuona wagonjwa umekwisha." Nikatolewa nje. Malaria ilipona. Aliuawa na kifua, na wakasema ni homa ya mapafu. Ndiyo, ni homa ya mapafu. Ila uji ndio ulioingia humo.

Sitaki pole yako. Inuka. Yuko mgonjwa kwenu, au kwa jirani, amelazwa chali sasa hivi na kikombe kinamjia. Mkalishe. Fanya uji uwe mzito, chukua kijiko kidogo, kaa naye hadi ameze mara mbili, msikilize sauti. Kisha nenda zahanati na wenzako, msiombe, daini: muuguzi mmoja kila kata afundishwe kazi hii, na asipoletwa, kamati isijadili bati hata moja. Nenda leo.